Majibu ya Swali Ambalo Halikuulizwa: Kisa cha Majaribio ya M-Pesa, 2005–2006

Oktoba 2005, watu wapatao mia tano wa Nairobi na Thika, wote wakopaji wa taasisi ya mikopo midogo ya Faulu Kenya, walikabidhiwa simu zenye huduma ambayo hawakuwahi kuiona. Waliambiwa kazi yake ni kulipia marejesho ya mikopo yao. Miezi michache baadaye walikuwa wanaitumia kwa mambo kadhaa ambayo hakuna aliyewafundisha, na timu iliyoileta ikabaki na uamuzi mzito. Ingeweza kuwaita wateja na kuwaeleza upya matumizi sahihi. Au ingekubali kwamba wateja wameshajibu, ila wamejibu swali tofauti na lile walilopelekewa.

Timu ilichagua njia ya pili, na M-Pesa tuliyonayo leo ilizaliwa hapo. Nakichambua kisa hiki kwa ajili ya watu wa masoko kwa sababu sijui kingine katika ukanda wetu kinachoonyesha vizuri zaidi jinsi ustadi wa kusikiliza kwa makini unavyoweza kuamua bidhaa iweje, iuzwe kwa neno gani na kwa nani. Kwa kawaida husimuliwa kama kisa cha teknolojia. Lakini teknolojia yenyewe ilikuwa ya kawaida kabisa hata kwa wakati ule: menyu ndani ya laini ya simu, namba ya siri, na ujumbe mfupi wa kuthibitisha. Sehemu ngumu ilikuwa kwingine.

Walichokuja nacho

Wazo lilianzia Uingereza. Mwaka 2003 Nick Hughes wa kampuni ya Vodafone aliomba fedha katika mfuko wa serikali ya Uingereza uliokuwa ukisaidia kampuni binafsi kufikisha huduma za kifedha kwa watu wasiozipata. Alipewa karibu pauni milioni moja, na Vodafone nayo ikachangia. Susie Lonie alitumwa Nairobi mwaka 2005 kuusimamia mradi huo. Safaricom ikawa mtandao, Faulu ikaleta wakopaji, na Commercial Bank of Africa ikashika fedha zenyewe. Majaribio yalifanyika katikati ya Nairobi, Mathare na Thika, yakihudumiwa na mawakala wanane.

Shabaha ya mikopo midogo haikuwa ya kubahatisha. Anayejua vikao vya marejesho anaelewa kwa nini mtu angetaka kuvirahisisha. Kikundi kinakutana kila wiki. Kila mwanachama anakuja na fedha yake taslimu, inahesabiwa mbele ya wenzake, inaandikwa kwenye daftari, na mmoja akipungukiwa wenzake ndio wanaomfidia kabla kikao hakijavunjika. Kisha mtu fulani anaondoka na fungu zima la noti kulipeleka benki, njia nzima akiwa na wasiwasi. Mjasiriamali anapoteza saa za biashara, taasisi inalipia usafiri na ulinzi. Kutoka ofisini, simu ilionekana kuwa dawa ya moja kwa moja.

Kwa hiyo swali walilokuja nalo lilikuwa hili: je, mkopaji anaweza kulipa mkopo wake kwa simu? Ni swali zuri. Lina jibu la ndiyo au hapana, linapimika, na mfadhili analielewa. Lau timu ingelishikilia hilo peke yake, ripoti yake ingesema kwamba mfumo unafanya kazi, wakopaji wanaweza kuutumia, ila taasisi ya mikopo ina malalamiko. Ripoti ingewekwa kabatini na hadithi ingeishia hapo.

Watu walifanya nini

Simulizi waliyoiandika Hughes na Lonie mwaka 2007 inaeleza matumizi yaliyojitokeza yenyewe. Wafanyabiashara walianza kulipana wao kwa wao, muuzaji akimlipa anayemletea mali. Wenye biashara kubwa kidogo waligeuza akaunti ya simu kuwa mahali pa kulaza mauzo ya siku, kwa sababu benki zilikuwa zinafunga mapema kuliko maduka ya mawakala. Wengine walinunua muda wa maongezi kupitia M-Pesa na kuuelekeza kwenye simu za ndugu zao mashambani, ndugu ambao hawakuwa hata sehemu ya majaribio. Waliwatumia fedha watu walio nje ya mradi kwa sababu za kila namna. Na walilipiana mikopo: mmoja anafanya rejesho la mwenzake kwa simu, naye anarudishiwa kwa pesa taslimu au kwa kufanyiwa kazi fulani.

Tumizi moja linastahili kutazamwa kwa karibu. Kati ya Nairobi na Thika kuna mwendo wa kilomita arobaini na kitu. Baadhi ya wasafiri wa njia hiyo walikwenda kwa wakala kabla ya kupanda gari, wakaweka fedha zao zote kwenye simu, wakasafiri, wakashuka, wakaenda kwa wakala wa upande wa pili na kuzitoa. Saa chache tu kati ya kuweka na kutoa. Katika orodha ya miamala inaonekana kama upuuzi: mtu anaweka fedha na kuzitoa siku ileile, kiasi kilekile, hajalipa mkopo, hajamtumia mtu, hajanunua kitu. Mchambuzi aliyezoea kutafuta marejesho angeifuta mistari hiyo kama miamala ya kujaribu simu.

Ukiwa umewahi kusafiri na fedha za mtaji ndani ya matatu, umezifunga kwenye leso chini ya nguo, unaelewa mara moja. Mtu huyu alikuwa anajitumia fedha mwenyewe. Alikuwa amegundua kwamba fedha zinaweza kusafiri bila yeye kuzibeba. Kutoka hapo hadi kumtumia mama yake aliye kijijini imebaki hatua fupi, na ndiyo maana naliona tumizi hili kuwa muhimu kuliko yote katika majaribio yale, ingawa ni nadra kutajwa.

Timu ililisikiaje? Hapa ndipo panaponihusu zaidi kama mtu wa masoko. Lonie hakukaa Uingereza akisubiri takwimu za mwezi. Alikuwa Kenya, na timu ilikuwa inafundisha wateja, inaonana na mawakala na inakutana na hitilafu za kila siku. Mwenye kuona miamala ya ajabu kwenye kumbukumbu alikuwa karibu na mwenye kumjua mteja aliyeifanya. Katika kampuni nyingi watu hao wawili hawajawahi kuketi meza moja: mmoja yuko idara ya takwimu, mwingine ni kijana wa mauzo anayezunguka na pikipiki, na kilichoko kati yao ni fomu.

Kwa nini dodoso lisingelipata

Chukua swali la kawaida la utafiti wa soko: "Je, umeridhika na huduma ya kulipia mkopo kwa simu?" Mkopaji wa Mathare atajibu kwamba ameridhika. Mwulizaji amekuja na fulana ya kampuni, ana kalamu na karatasi, na aliyemleta ni taasisi ambayo kesho huenda ikaamua ukubwa wa mkopo wake unaofuata. Zaidi ya hayo ni mgeni, na mgeni huambiwa neno jema. Kwetu mtu hamvunji mgeni moyo usoni. Atasema huduma ni nzuri sana, atashukuru, na akibanwa aseme kama ataendelea kuitumia atamwachia Mungu. Kijana wa utafiti anaandika tano juu ya tano. Hakuna aliyedanganya, ila hakuna kilichojulikana.

Wataalamu wa ushauri nasaha waliliona hili mapema. Carl Rogers na Richard Farson, Wamarekani walioupa ustadi wa kusikiliza kwa makini jina la "active listening" mwaka 1957, walishikilia kwamba msikilizaji anatakiwa aingie katika namna msemaji anavyoyaona mambo, na amwonyeshe msemaji kwamba ameingia. Katika masoko tumeipokea kama adabu ya mazungumzo: mtazame mtu machoni, tikisa kichwa, usimkatize. Hayo ni mazuri, lakini mtu anaweza kuyafanya yote kwa saa nzima na asisikie kitu, kwa sababu kichwani bado anatafuta jibu la swali lake.

Nitatunga mfano, ili tuone kazi yenyewe inavyokwenda. Afisa masoko ameketi na mwenye duka la rejareja Thika.

"Mama, jana ulipofunga duka, pesa za mauzo zililala wapi?"

"Kwa simu."

"Kwa simu, mbona si benki?"

"Benki hufunga mimi bado nauza, kijana wangu."

"Kwa hiyo unaweka akiba kwenye simu."

"Akiba? La. Asubuhi na mapema natoa zote naenda nazo sokoni. Sitaki tu zilale na mimi nyumbani."

Kuna mambo kadhaa yanayotendeka humo, na yote yanaweza kujifunzwa. Afisa hakuomba maoni. Aliuliza kuhusu jana, na kuhusu kitu kinachoshikika: pesa za mauzo, zililala wapi. Maoni yanaweza kutolewa kwa heshima ya mgeni, lakini jana ilishapita na ni vigumu kuipamba. Halafu alirudisha alichosikia kwa maneno yake mwenyewe, na alikosea. Kukosea kwake ndiko kulikozaa jibu bora la mazungumzo yote. Asingerudisha, angeondoka ameandika "mteja anaweka akiba", makao makuu wangebuni bidhaa ya akiba yenye riba na muda wa kusubiri, na mama yule asingeigusa kwa sababu anachotaka ni usalama wa usiku mmoja. Tofauti ya akiba na ulinzi ni tofauti ya bidhaa mbili, matangazo mawili na bei mbili. Iliokolewa na sentensi moja iliyorudishwa kwa nia njema ili isahihishwe.

Wengi wanafundishwa kurudisha maneno ya mteja ili mteja ajisikie amesikilizwa. Mimi nasisitiza sababu nyingine: unarudisha ili upingwe. Kama wateja wako kumi wote wamekubali kila ulichowarudishia, basi ama unawafahamu kuliko wanavyojifahamu, au wanakuheshimu mno. Mara nyingi ni hilo la pili. Hapo sauti na sura vinahusika. Lirudishe kama mtu asiye na uhakika, kisha nyamaza. Ukimya wa muda mfupi humsumbua mwulizaji kuliko mjibuji, na afisa asiyeuvumilia huujaza kwa kueleza sifa za bidhaa. Akishaanza kueleza, mteja anageuka kuwa msikilizaji.

Sauti ya Faulu

Kisa hiki kingekuwa pungufu tukizungumzia wateja peke yao. Faulu alikuwa mshirika, na naye alikuwa na la kusema, tena halikupendeza masikioni mwa wenye mradi.

Kwanza, hesabu. Mifumo ya taasisi na ya M-Pesa haikuwa inaongea, kwa hiyo malipo ya simu ilibidi yaoanishwe na daftari za mikopo kwa mkono. Kazi iliyokusudiwa kupungua iliongezeka. Pili, na hili ndilo zito, kikao chenyewe. Mkopaji aliyelipa kwa simu hakuona sababu ya kuhudhuria. Wenye mradi walikuwa wamekichukulia kikao kama usumbufu wa kukusanya fedha. Kumbe kwa Faulu kikao ndicho kilichokuwa dhamana. Wanachama wakionana kila wiki, kila mmoja anajua mwenzake biashara inaendaje, nani anayumba, nani anaanza kukwepa. Ukiwapunguzia sababu ya kukutana, unalegeza kamba inayofanya mkopo usio na rehani ulipike.

Naliona hili kuwa funzo kubwa kwa mtu wa masoko anayebuni huduma ya "kumrahisishia mteja". Usumbufu anaouona mgeni mara nyingine unabeba kazi ambayo haionekani hadi uuondoe. Faulu haikuwa na kinyongo na teknolojia. Ilikuwa inaeleza biashara yake inasimama juu ya nini. Timu ingeweza kuyachukua maneno hayo kama ukaidi wa mshirika aliyezoea karatasi, nami nimeona mikutano mingi ambapo ndivyo ingekuwa. Wao waliyachukua kama habari, na wakakubali kwamba huduma hii, kwa namna ilivyokuwa wakati huo, haikufaa mikopo ya vikundi.

Kilichoondolewa na kilichobaki

Majaribio yalifungwa mwaka 2006. Uamuzi uliofuata ulikuwa wa kutupa. Marejesho ya mkopo, yaani sababu iliyoombewa fedha, yaliondolewa kwenye bidhaa. Yakabaki mambo machache: kuweka na kutoa fedha kwa wakala, kumtumia mtu fedha, na kununua muda wa maongezi. Michael Joseph, aliyekuwa akiiongoza Safaricom, aliamua huduma itolewe nchi nzima, na ilizinduliwa Machi 6, 2007.

Ujumbe wa uzinduzi ulikuwa mmoja: tuma pesa nyumbani. Tangazo lilimwonyesha kijana wa mjini akiwatumia wazee wake wa kijijini. Halikutaja benki, halikueleza teknolojia, halikuorodhesha faida saba. Kila Mkenya mwenye kazi mjini alijua gharama ya kutuma fedha nyumbani kwa njia za wakati ule: kumpa dereva wa basi bahasha na kuomba afike salama, kupanga foleni posta, au kumsubiri ndugu anayesafiri mwisho wa mwezi. Mwaka 2006 chini ya mtu mzima mmoja kati ya watano nchini Kenya alikuwa na huduma ya benki. Neno "nyumbani" lilikuwa na uzito wote huo ndani yake, na halikuzaliwa kwenye kikao cha wabunifu. Lilikuwa tayari kwenye miamala ya watu waliowapelekea ndugu zao muda wa maongezi.

Hata bei ilikuwa na masikio. Kuweka fedha kulikuwa bure. Kumtumia mtu aliyesajiliwa ilikuwa shilingi 30 bila kujali kiasi, mradi kisizidi kikomo cha shilingi 35,000 kwa muamala. Mtu mwoga wa huduma mpya aliweza kujaribu kuweka bila kupoteza senti, akaona salio lake kwenye simu, akapumua. Na mawakala walioanza nao walikuwa kama 750, wakifika makao makuu yote 69 ya wilaya za wakati huo, kwa sababu ahadi ya kutuma nyumbani ni uongo kama nyumbani hakuna pa kutolea.

Kilichosikika kikasubiri

Tunapozungumzia kusikiliza tunadhani kila kilichosikika lazima kitendeke papo hapo. Timu ya M-Pesa haikufanya hivyo, na nadhani ilikuwa sahihi. Wafanyabiashara waliokuwa wakilipana mwaka 2005 walionyesha haja ya kulipia bidhaa kwa simu. Lipa na M-Pesa kwa ajili ya maduka ilikuja 2013. Waliolaza fedha usiku walionyesha haja ya mahali pa kuweka. M-Shwari, akaunti ya akiba na mikopo iliyotolewa na Safaricom pamoja na ileile Commercial Bank of Africa, ilikuja Novemba 2012. Na malipo ya mikopo ya taasisi yalirudi kupitia namba za kulipia bili, zilizoanza 2009, wakati mifumo ilikuwa imekomaa kiasi cha kuyapokea.

Majibu ya miezi ile saba au minane yalitosha kulisha bidhaa kwa miaka minane. Ila ili jibu lisubiri, lazima liandikwe lilivyotoka kinywani mwa mteja, pamoja na mazingira yake. Ukiandika "wateja wanahitaji urahisi", baada ya miaka mitatu sentensi hiyo haina faida kwa mtu yeyote. Ukiandika "mwenye duka Thika anaweka mauzo saa mbili usiku anayatoa alfajiri, benki imefunga", mwenzako atakayekuja kwenye kiti chako atajua la kufanya nayo.

Ndiyo maana ningemshauri afisa masoko asiye na bajeti ya Vodafone atumie siku nzima kwenye meza ya wakala, au kaunta ya duka, au benchi la fundi, bila dodoso. Akae mahali ambapo mteja hana haja ya kumfurahisha. Wakala anajua mambo mengi ambayo hajawahi kuulizwa: nani anakuja na karatasi iliyoandikwa namba ya simu kwa sababu hawezi kusoma menyu, nani anatuma kisha anampigia mpokeaji palepale kuhakikisha, floti, yaani fedha za wakala za kuhudumia wateja, inaisha siku gani ya mwezi. Aandike yale yasiyoeleweka kwanza, kabla ya yale yanayothibitisha alichokuwa anakijua. Na akirudi ofisini, yale yasiyoeleweka yawe ukurasa wa mbele wa ripoti, maana huko nyuma kwenye viambatisho hakuna bosi anayefika.

Pingamizi, na majibu kutoka Tanzania na Afrika Kusini

Kuna wanaosema kwamba kusikiliza kunapewa sifa isiyo yake. Safaricom ilikuwa na sehemu kubwa ya soko la simu, Benki Kuu ya Kenya iliiruhusu huduma ianze bila kuibana kwa sheria za benki, na ushindani ulikuwa hafifu. Ni kweli yote. Ukubwa wa Safaricom unaeleza kwa nini huduma ilienea haraka. Hauelezi kilichoenea kilipatikanaje. Kama kingekuwa kile cha Oktoba 2005, kampuni kubwa ingesambaza nchi nzima chombo cha kulipia marejesho.

Pingamizi hilo linajibiwa vizuri zaidi na nchi nyingine, kwa sababu huko Vodacom, kampuni ya familia hiyohiyo ya Vodafone, ilikuwa mtandao mkubwa pia. Tanzania ilianza Aprili 2008. Baada ya miezi 14 ilikuwa na watumiaji wapatao 280,000, wakati Kenya katika muda kama huo ilifikia milioni 2.7. Bidhaa ilikuwa ileile. Mazingira hayakuwa yale. Nchi ni pana mno kuliko Kenya, watu wametawanyika, fedha hazikuwa zinatoka mji mmoja kuelekea vijijini kwa namna ya Nairobi, na wakala aliyekuwa mbali na mwenzake hakupata wateja wa kutosha kumfanya aishughulikie floti yake. Vodacom ilibidi ibadili jinsi ya kuwapata na kuwasimamia mawakala na irekebishe huduma ifuate nchi yenyewe. Ilipofanya hivyo Tanzania ikawa mojawapo ya masoko makubwa ya fedha za simu barani, na leo muuza mchicha wa Tandale analipwa kwa simu bila mtu kushangaa.

Afrika Kusini ilianza 2010 ikishirikiana na benki ya Nedbank, ikazinduliwa upya 2014, ikafungwa Juni 30, 2016. Watumiaji hai waliobaki walikuwa kiasi cha 76,000. Sheria za utambulisho wa wateja zilikuwa kali zaidi, hilo lilichangia. Lakini pia sehemu kubwa ya watu walikuwa na akaunti za benki, na mfanyakazi wa Johannesburg aliyetaka kumtumia mama yake fedha Eastern Cape aliweza kuingia dukani, kwenye kaunta ya supamaketi, akalipa, na mama akazichukua kwenye tawi la huko siku hiyohiyo. Alishapata njia anayoiamini. Huyo ndiye aliyestahili kuulizwa, kabla ya laini hata moja kusajiliwa: mwezi uliopita pesa za mama zilifikaje, ulilipa kiasi gani, na ni kipi kilikukera njiani?